Majibu kwa Niaba ya Odiel

Niulize mimi, Daktari.
Yeye sentensi moja huivunja vipande vitatu,
na kati ya kipande na kipande hupumzika
kama mtu aliyebeba kabati ngazini.

Ndiyo, baba yake alichimba makaa ya mawe,
Waterschei, miaka ishirini na sita.
Alitema weusi kwenye leso nyeupe
na mimi, mkwe mgeni, ndiye niliyezifua.
Eksirei yake ilikuwa usiku wenye nyota nyingi mno.
Vumbi lile halitoki, tuliambiwa,
ni mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama.

Hapana, Odiel hakushuka mgodini.
Mama yake alimwapiza. Alipanga barua posta.

Hapana, havuti. Anayevuta ni Staf, kaka yake,
tangu jeshini, pakiti kwa siku.
Asubuhi ukimsikia utadhani jirani
anawasha gari bovu kwenye barafu.
Kifua kimekuwa pipa,
na pumzi huitoa kwa midomo iliyobanwa
kana kwamba dunia nzima ni supu ya moto.
Jina la ugonjwa wake unalo kwenye faili. Usinitajie.

Pumu? Kwa mjukuu wetu, Fenna.
Usiku kifua chake hupiga mluzi, birika iliyosahauliwa.
Lakini yake hubana na kuachia:
akivuta ile dawa ya kopo la bluu,
robo saa haipiti anadai chokoleti.

Ya Odiel haiachii.

Ilianza kama mafua, kila Jumamosi.
Mchana anakwangua banda, anafagia,
jioni saa kumi na mbili meno yanagongana,
homa, kikohozi kikavu, blanketi mbili.
Jumatatu mzima, yuko kazini.
Miaka minne tuliyaita mafua ya Jumamosi
na tulicheka, Daktari. Tulicheka.

Tulipokwenda Ostende wiki mbili
alitembea hadi mwisho wa gati bila kusimama.
Nikaisifu bahari.

Ngazi za banda ni kumi na nne.
Mwanzo alipumzika ya kumi na mbili,
mwaka uliofuata ya saba,
sasa ya tatu.
Nilihesabu dirishani, namenya viazi.
Sikumwambia mtu.

Banda la nini?

"Njiwa. Sitini na wawili."
Umesikia? Hiyo ameitoa nzima, bila kuivunja.

Wa mashindano. Kila mmoja ana jina.
Yupo jike wa kijivu aliyerudi kutoka Bourges
bawa limechanika, akatua saa nne usiku,
na mwanamume huyu, ambaye kwa mazishi ya mama yake
hakutoa chozi, alilia.

Ukimshika njiwa mwenye afya
anakuachia unga mweupe kiganjani.
Wafugaji huusifu unga huo.
Nawe unasema ndio huo huo,
huo na kinyesi kikavu kinachopeperuka chini ya ufagio;
kwamba mapafu yaliuona adui
yakapigana nao hadi yakajijeruhi,
kovu juu ya kovu,
sponji iliyosahauliwa juani.
Ndiyo maana kucha zake zimebinuka hivi,
ndiyo maana ukiweka kipimo mgongoni, chini,
unasikia kitu kama gundi ya viatu ikibanduliwa.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Koti lake la bandani mimi hulining'iniza
nyuma ya mlango wa jikoni.

Sawa. Andika vidonge. Andika barakoa.
Unasema kilichokwisha kuwa kovu hakirudi kuwa pafu,
kilichobaki tukilinde. Nimeelewa.
Unasema tuwauze.

Lakini Daktari, wewe si mtu wa huku.
Tutawauza Jumatano, Hasselt, kwa masanduku.
Jumapili watakuwa juu ya paa letu.
Kurudi ndiyo kazi aliyowafundisha.

Andika, basi, mahali hapo chini palipo wazi,
nani atapanda zile ngazi kumi na nne
kuwafungia mlango,
na yeye yuko dirishani, anahesabu.